Aliyepigwa Asibebeshwe Barua

Jeremia mwanangu,

Jana niliinuka kwenye chakula ugali ukiwa haujafika nusu. Ukaniuliza, "Mama, vipi?" nikakujibu kichwa kinauma. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa. Nilikuwa na hasira, na leo ninayo bado, ndiyo maana nimekaa kuandika muda huu ulipoenda kwa kinyozi na kuaga ndugu. Nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utainamisha kichwa kwa heshima, utasema "sawa, Mama," na hutakuwa umesikia kitu.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kuchemsha maji. Umejipikia chuoni miaka yote ile na hukufa. Kule Mkalama unakopelekwa kuna watu kama sisi, watakusaidia chumvi ikikuishia. Nataka nikuandikie habari ya yale maneno uliyosema jana.

Baba yako mdogo Yona alikuwa anakutania kwa sababu ya kazi mpya ya utendaji wa kijiji. Akakuuliza, "Haya Bwana Mtendaji, mwanamke akija ofisini kwako analia, kapigwa na mumewe, utafanyaje?" Na wewe, vidole vikiwa kwenye mlenda, ukamjibu, "Nitamwandikia barua ya wito, nitagonga muhuri, atampelekea mumewe. Kesi za ndoa watu wanamalizana wenyewe." Mkacheka. Yona alicheka mpaka akakohoa.

Wewe hukujua unachekea nini. Yeye anajua vizuri sana.

Angalia mwandiko wangu huu unavyolala upande mmoja. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza vidole hivi viwili vya kulia vilipindaje, nikakwambia nilibanwa na mnyororo wa plau. Ulipofika kidato cha tatu ukauliza tena, nikarudia plau, ukakasirika ukataka tuiuze. Maskini ile plau haina kosa lolote. Nilikudanganya, na nikaendelea kukudanganya kwa sababu uongo ukishazoeleka nyumbani unakuwa kama kigoda, kila mtu anaukalia. Nilidhani ninakulinda. Jana nilipokusikia ukicheka ndipo nikajua nilikuwa ninamlinda nani.

Basi sikiliza. Ulikuwa na miezi minane. Baba yako alinipiga siku ya Alhamisi, na usiniulize nilikuwa nimefanya nini, maana hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa ofisini na nimelichukia mpaka leo. Ijumaa asubuhi nikakufunga mgongoni nikaenda ofisi ya kijiji. Kwenye benchi la barazani walikuwa wamekaa wanaume wanasubiri vibali vya kuuza ng'ombe. Mtendaji wa wakati ule, ambaye alishahama na sitamtaja jina, alikuwa mezani, mlango wazi. Akaniambia, "Eleza." Nikaeleza mbele ya wale wanaume wote. Nilieleza mambo ya chumbani kwangu wanaume wa ng'ombe wakisikiliza, na mmoja wao akasema, "Dada, na wewe ulikuwa umemfanyia nini mwenzio?" Ndiyo hivyo.

Mtendaji akaandika. Ninaikumbuka barua ile neno kwa neno. Unatakiwa kufika ofisi ya kijiji siku ya Jumatatu saa tatu kamili asubuhi bila kukosa, kujibu malalamiko yaliyoletwa na mke wako. Akagonga muhuri, akaikunja mara mbili, akanikabidhi. "Mpelekee mumeo. Mje wote wawili."

Kabla sijashuka ngazi akaingia mzee mmoja analalamika kwamba ng'ombe wa jirani wameingia kwenye uwele wake. Mtendaji akaita mgambo, wakatoka wawili na fimbo, mbio mbio, kwenda kumfuata mwenye ng'ombe. Jeremia, kwa ajili ya uwele walitumwa mgambo wawili. Kwa ajili yangu nilitumwa mimi.

Nikaitia barua kwenye pindo la kanga, nikafunga fundo. Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima, unaujua. Njia nzima nilikuwa ninapanga nitakavyoiweka mahali aione mwenyewe mimi nikiwa nimeenda kisimani. Lakini baba yako alikuwa uani anatengeneza nira, akaniona natokea, akauliza nilikuwa wapi. Nikampa. Akaigeuza geuza. Baba yako hakuwa anajua kusoma, hilo nalo nilikuficha kwa sababu uliona fahari juu yake. Akanirudishia. "Isome."

Nikasoma. Nilisimama pale uani nikamsomea mume wangu mashtaka yangu mwenyewe, kwa sauti. Nilisoma mpaka "bila kukosa." Nilisoma hadi cheo cha aliyeandika. Nilipomaliza alikuwa ameshika mpini wa jembe.

Mkono wangu wa kulia niliurudisha nyuma kukinga kichwa chako, maana ulikuwa mgongoni, umelala. Mpini ulikuta vidole. Hiyo ndiyo plau.

Sasa ngoja nikwambie Jumatatu ilivyokuwa, kwa sababu usifikiri yaliishia hapo. Tulikwenda wote wawili kama barua ilivyosema. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kipande cha shuka. Walikaa wazee wanne na Mtendaji, na upande wa baba yako akaja mdogo wake Yona kumsemea. Wakasema makosa yako pande zote. Wakasema nyumba haijengwi kwa kukimbilia ofisini. Halafu wakampiga baba yako faini ya mbuzi, kwa kuvunja amani. Mbuzi akaletwa, akachinjwa nyuma ya ofisi. Likazuka swali, nani apike. Wazee wakatazamana, wakanitazama mimi.

Nilimpika, mwanangu. Mbuzi aliyetozwa kwa ajili ya vidole vyangu nilimkorogea mchuzi kwa mkono wa kushoto. Wazee wakala, Mtendaji akala, baba yako akala. Ini alipewa Yona, huyo aliyekaa na wewe jana. Mimi nikaletewa utumbo kwenye sahani ya bati, na nikasema asante.

Hiyo asante ndiyo inayonichoma kuliko mpini. Mpini nilipigwa, lakini asante niliisema mwenyewe.

Baba yako hakuwa shetani. Alikufundisha kuswaga maksai ukiwa kitoto hivi, alikubeba begani kwenda mnadani, na mambo hayo yote ni ya kweli, yabaki na wewe. Baada ya mbuzi alitulia miaka miwili, kisha akarudia, akatulia, akarudia, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Nilimuuguza, nikamwogesha, nikamzika vizuri ukiwa darasa la tano. Koti lake umelipakia kwenye begi, nimeliona. Livae, ni koti zuri. Lakini ukilivaa ujue ni la nani, yote kwa yote. Mimi nilimsamehe baadhi ya siku na siku nyingine sikumsamehe, na sioni aibu kusema hivyo.

Ungeishia hapa ungesema, maskini mama yangu, alionewa. Usinionee huruma mapema. Sijafika kwenye kosa langu.

Unakumbuka nilivyochaguliwa kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Ulikuwa bado sekondari, ukawatangazia wenzako mama yako ni kiongozi. Tulikwenda kufundishwa siku mbili kwenye ofisi ya kata, tukapewa daftari na kalamu, tukachorewa ubaoni mishale ya kuonyesha taarifa inatoka wapi kwenda wapi. Niliandika yote. Daftari lile liko kwenye sanduku langu, safi kabisa, unaweza kudhani halijawahi kufunguliwa. Na ukweli ni kwamba tangu siku zile mbili sikulifungua tena.

Mvua zilikuwa ndiyo zimeanza. Siku hiyo zamu ya kukaa ofisini ilikuwa yangu, lakini akili yote ilikuwa shambani, maana maksai nilikuwa nimeazima kwa jirani na alikuwa anawataka jioni. Alizeti yangu nusu ilikuwa haijapandwa. Akaingia Salome. Wakati ule alikuwa binti mbichi, ameolewa na yule fundi baiskeli wa karibu na mashine ya kusaga. Jicho moja lilikuwa limevimba limefunga. Akaeleza, mlango wazi, watu barazani. Mtendaji, mwingine sasa, kijana kama wewe, amevaa shati limenyooshwa vizuri kama lako, akaandika barua, akagonga muhuri. Akaisogeza mezani upande wangu. "Mama, mpe apeleke. Mimi nina kikao halmashauri."

Akapanda pikipiki akaondoka.

Barua ikabaki mezani kati yangu na Salome. Ilikuwa imekunjwa mara mbili. Jeremia, niliitazama, nikatazama vidole vyangu, halafu nikatazama nje mvua ilivyokuwa inajikusanya. Nilijua. Hakuna mtu katika kijiji kile aliyejua kama mimi. Wale wazee wanne ungeweza kuwasingizia ujinga, lakini mimi nilikuwa nimesoma barua ile uani kwa sauti.

Salome akasema, "Mama Jeremia, si unisindikize?"

Nikamwambia, "Utaratibu ndio huo, mwanangu. Nenda tu, hatakumeza."

Akaichukua. Akaifunga kwenye pindo la kanga kama nilivyoifunga mimi. Nami nikaenda kupanda alizeti.

Kesho yake alfajiri alipitishwa hapa barabarani amekalishwa kwenye baiskeli, wanamkimbiza kituo cha afya, kichwa kimefungwa kitambaa. Sikio la kushoto lilikuwa limetoa damu. Halijasikia tena tangu siku ile. Na alizeti yangu mwaka ule ilistawi, ikatoa mafuta ndoo tele, ukala maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta yale ukayasifia. Kila ulipoyasifia nilitaka kukunyang'anya.

Afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri alikuja siku ya tatu. Siku ya tatu, nasema, kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Gari hilo hilo huwa nalo mafuta kiongozi akija kupokelewa mpakani, tena yanakuwa magari manne na vumbi mpaka mbuzi wanapiga chafya. Afisa mwenyewe, binti mdogo tu, mwishowe alichoka kungoja, akapanda bodaboda. Akafika amejaa vumbi hadi kope, mdogo wa umbo, nikajisemea moyoni, huyu naye atafanya nini.

Nilijionea alichofanya. Hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alikwenda kituo cha afya, akaomba wote watoke, pamoja na mama mkwe wa Salome aliyekuwa anajifanya analia. Akafunga mlango. Wakakaa wawili kama saa nzima. Hakumwita mume, hakuandika barua ya wito. Alifuatilia fomu ya polisi na maelezo ya daktari, akampeleka hospitali kubwa akapimwe sikio, akaenda naye mwenyewe mpaka dawati la jinsia polisi, wakakaa benchi moja. Akamtafutia pa kulala kwa ndugu, mbali, na hakumwambia mtu ni wapi. Hata sisi wa kamati hakutuambia. Wajumbe wenzangu wakanuna, wakasema anatudharau. Mimi nilimwelewa.

Halafu akarudi akatuita kikao. Akauliza swali moja tu. "Nani alimpa barua apeleke?"

Mtendaji akatazama dari. Nikasema, "Mimi."

"Nani alikufundisha kufanya hivyo, Mama?"

Niliinua mkono huu wa kulia nikauweka juu ya meza. Aliuangalia, na nadhani alielewa, kwa sababu hakuniuliza tena. Mzee mmoja akaanza kusema mambo haya kimila yana mbuzi wake. Yule binti akamkatiza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu. Kumvunja mtu sikio ni jinai. Jinai haina mbuzi."

Ningekuwa na akili siku niliyopewa utumbo, ningesema maneno hayo.

Kesi ilipofika mahakamani, Yona alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kile kigoda, akanisihi nisiende kutoa ushahidi. "Shemeji, funika kombe mwanaharamu apite. Fundi ni mtoto wa watu." Nilimjibu kwa Kinyaturu, jibu ambalo siliandiki hapa kwa sababu nakuheshimu. Nikaenda. Kesi iliahirishwa, nikaenda tena, ikaahirishwa, nikaenda. Wazee waliokuwa wameona, hakufika hata mmoja. Nilisimama nikasema barua niliitoa mimi na nilijua itakavyokuwa. Mume alifungwa. Sikuona cha kushangilia, sikio halikurudi.

Na sasa nikukumbushe jambo. Mwaka juzi tulikwenda mnadani Mtinko, ukamsalimia mama mmoja wa vitunguu, hakukujibu. Tulipoondoka ukaniambia, "Yule mama ana maringo." Yule ni Salome. Ulikuwa umesimama kushoto kwake.

Mimi niliwahi kumfuata pale pale kwenye vitunguu kumwomba msamaha. Miaka ilikuwa imepita, nilikuwa nimeahirisha kuliko mahakama. Nikachuchumaa, nikasema yote, kwa sauti ya chini kwa aibu. Akaacha kupanga mafungu yake. Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia. "Rudia, Mama. Sema upande huu."

Nikarudia. Yote, upande unaosikia, watu wakipita wanauliza bei. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na mimi sikudai. Akanifungia vitunguu, nikanunua kama mteja mwingine.

Sasa umenielewa kwa nini niliinuka jana. Sikukasirika kwamba una moyo mbaya. Huna, nimekulea nakujua, ulilia kuku wako alipochinjwa. Nilikasirika kwa sababu ulisema maneno yale kirahisi, kama mtu anayesema mvua ikinyesha tutaanika kesho. Yule kijana wa shati lililonyooshwa naye hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa na kikao. Mimi nilikuwa na alizeti. Hakuna aliyekuwa mkatili pale ofisini, na Salome akapoteza sikio. Unaliona hilo? Utakuwa na kikao na wewe. Kila siku utakuwa na kikao.

Akija, toa watu barazani, funga mlango. Kama anamwogopa mwanaume, mtafutie mwanamke wa kukaa naye. Usimuulize alifanya nini. Ameumia, mpeleke hospitali kwanza, maneno yatasubiri. Namba ya afisa ustawi na ya dawati iandike ukutani wiki hii hii ya kwanza, kabla hujamjua mtu, kabla hujaalikwa nyama na mume wa mtu. Ukishakula nyama ya mume wa mtu, kalamu yako inakuwa nzito. Wakikuletea habari ya mbuzi, wajibu kama yule binti alivyojibu. Gari likikosa mafuta, panda bodaboda, ukikosa bodaboda una miguu, mizuri tu, nimeilisha mimi.

Watakucheka. Watasema Mtendaji wetu anatawaliwa na wanawake, kalelewa na mjane. Waambie ni kweli, kalelewa na mjane, na waulize mjane huyo vidole vyake vilipindaje. Nakuruhusu kusema. Nimechoka na plau.

Na siku ukirudi likizo, Yona akija kukusalimia, mheshimu, ni baba yako. Mpe shikamoo yake. Lakini akianza utani ule, usicheke. Hilo tu ninakuomba ndani ya nyumba yangu, usicheke. Kama hutaweza, basi chukua begi lako, lala kwa huyo Yona, sitakuzuia wala sitakusindikiza. Nimeandika hivyo kwa hasira na silifuti.

Barua hii sitampa mtu akuletee, wala sitaiacha mezani uikute. Kesho nitatembea na wewe hadi kituo cha basi nikukabidhi mkononi, nisimame pale mpaka uisome yote, basi lisubiri au liende.

Ile ya kwanza tuliipeleka wawili, Jeremia. Mimi kwa miguu, wewe mgongoni umelala, na kichwa chako kilifika salama. Siku mwanamke akisimama mbele ya meza yako na mtoto mgongoni, usimpe kitu cha kubeba. Ana mzigo tayari. Inuka wewe.

Mama yako